Kipengo cha Kidole Gumba

Ameileta ndani ya blanketi la mtoto,
Ingebjørg Ramsvatn, mwalimu mstaafu,
theluji ya kwanza ya Namdalen ikimyeyukia mabegani.
"Ni ya kiwandani," anasema kabla sijauliza.
"Baba aliinunua mpya, Trondheim,
kwa ujira wa magogo, mwaka wa hamsini na moja."

Sibishi. Karakana yangu haina haraka.
Nawasha taa, nafuta lenzi kwa pindo la shati,
naifungua kinywa kama daktari wa ng'ombe.

Kwa nje imependeza, sitasema uongo.
Kitako kimeng'aa mafuta ya viganja,
mbele pamechongwa mviringo kama mdomo wa bata,
na mpini wa komeo umelala chini, mpole.
Asiyejua angeipokea kama mkwe.

Lakini chuma ni shahidi asiyehongeka.
Tazama hapa, ukuta wa kushoto:
kipengo, nusu duara,
upana wa dole gumba la kijana wa miaka ishirini
anayesukuma risasi tano kwa mkupuo
huku magoti yakimcheza.
Mwindaji ana haja gani na kipengo hiki?
Mwindaji hujaza moja moja. Ana asubuhi nzima.

Na kitakoni, gusa. Gusa kwa ukucha.
Kiraka cha mbao, kirefu kama kidole,
kimeziba tundu lililopitisha mkanda wa begani.
Rangi imekubali. Nyuzi za mti zimekataa.

Nafungua skrubu mbili. Mtutu unatoka kitandani
na ngazi zake: mnene, mwembamba, mwembamba zaidi;
na pete angavu, mahali palipokuwa na kipimo cha shabaha
kilichohesabu hadi mita elfu mbili.
Kulungu gani huyo, mwalimu,
wa kupigwa kwa mita elfu mbili?

Namba ya komeo haiijui namba ya mwili:
ndugu wa kambo waliokutanishwa ghalani baada ya vita.
Na juu ya chemba tupa imepita,
imepita, imepita tena.
Nainamisha taa. Mwanga wa ubavuni
huamsha kilicholazwa: bawa moja la tai,
na chini yake tarakimu moja, nne;
mwenziwe kaliwa.

"Kuna viwanda pia vilivyookota mifupa ya vita," namwambia,
"vikaivisha upya, vikaiuza kwa risiti.
Ila kiwanda kina mashine, na mashine haichoki.
Hii ni mkono. Ona mikwaruzo inavyogeuka hapa:
mtu aliinuka, akanywa kahawa,
akarudi akakaa upande wa pili wa meza."

Anashika lenzi yangu. Analitazama lile bawa
muda mrefu, kama anayesahihisha daftari
la mtoto anayempenda.

"Mama alikuwa na kaka," anasema. "Walikuja kumchukua."
Hataji akina nani. Huku kwetu hakuna anayeuliza.

Namtajia bei. Imeshuka karibu nusu.
Hasikii, au anasikia na haimhusu.
"Nyama ya miaka thelathini," anasema,
"chumvini, kwenye moshi, mezani sikukuu.
Mama hakuigusa bunduki hata siku moja.
Nyama alikula."

Narudisha skrubu, moja, ya pili.
Anaikunja ndani ya blanketi lake,
miguu kwanza, kisha kichwa,
halafu anasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.

"Nilikuwa na miaka mitano. Usiku, jikoni,
mlango umefungwa: krrr, krrr, krrr.
Mama alisema ni panya."

Nje theluji imeshaziba nyayo alizokuja nazo.

"Tuliwatega majira yote ya baridi,
kwa jibini la kahawia, lile zuri.
Hatukunasa hata mmoja."